Kukadiria sukari iliyobaki tankini wakati majibu ya maabara yanachelewa: mwongozo kamili

Kosa ni lile lile kila ninapofungua jedwali la mwenzangu wa kiwanda cha spiriti. Sampuli ya tanki imechotwa saa 10:00, jibu la maabara limefika saa 12:30, na namba imeandikwa kwenye mstari wa saa 12:30. Kuanzia hapo makadirio yote yanapotoka. Fundi anailaumu mita, mkuu wa zamu anailaumu maabara, na tanki linapelekwa kukenekwa likiwa bado na sukari ndani.

Mwongozo huu ni wa kuliondoa kosa hilo. Mfano ni tanki la kuchachushia molasi, kwa kuwa ndilo ninalolifahamu vizuri, na lina vipimo vya kila aina: mita ya hewa ukaa inayosoma kila dakika, haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa kimiminika) inayosomwa na mtu kila saa, na maabara inayotoa jibu kila baada ya saa 4, tena kwa kuchelewa. Kama kazi yako ni maji taka, maziwa au saruji, badilisha majina tu. Hesabu ni ile ile.

Saa zote humu ni za tarakimu 24, kama kompyuta inavyohesabu. 10:00 ni saa nne asubuhi.

## Vitu unavyohitaji

- Mita ya mtiririko wa hewa ukaa kwenye bomba la kutolea hewa la tanki, yenye kihesabu cha jumla ya kilo zilizopita.
- Ujazo wa molasi tankini. Kwenye mfano ni mita za ujazo 50, yaani lita 50,000.
- Majibu ya maabara ya sukari, kila moja likiwa na muda wa kuchotwa kwa sampuli na muda wa kufika kwa jibu. Mihuri ya muda lazima iwe miwili.
- Haidromita, kipimajoto na gilasi ndefu ya kupimia.
- Ndoo ya barafu na chupa ndogo zenye vifuniko.
- Excel au lahajedwali lolote. Ukijua Python, lugha ya kuandikia programu, ni vizuri, lakini si lazima.
- Kumbukumbu za bechi 3 au zaidi zilizopita, kwa ajili ya kujaribia.

Onyo kabla ya yote: hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hujikusanya chini, kwenye mashimo na ndani ya matanki. Haina harufu ya kukuonya. Chota sampuli kwenye bomba la pembeni, wala usiinamishe kichwa kwenye mlango wa tanki. Mwenzako akianguka humo, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu ya huruma hiyo.

## Hatua ya 1: Sawazisha saa zote

Saa ya mita, saa ya kompyuta ya zamu na saa ya ukutani maabara zinapaswa kusema kitu kimoja. Zisome zote kwa wakati mmoja, andika tofauti ya kila moja, kisha zirekebishe. Rudia kila wiki, na kila umeme ukikatika, kwa sababu baadhi ya mita hurudi kwenye saa ya awali ya mtengenezaji zikiwashwa upya.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mtego mwingine ambao vitabu vya ugenini havitautaja. Nilipokuwa kwenye kiwanda kimoja, makadirio ya tanki moja yaliruka vibaya sana mchana mmoja. Nikaenda kwenye daftari la zamu. Mzee wa zamu alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: sampuli, saa 8.

"Mzee, shikamoo. Hii saa 8 ni ya asubuhi?"

"Marahaba. Saa nane mchana, mwanangu. Hiyo yako ya asubuhi ni saa mbili."

Alikuwa sahihi kabisa. Aliyekosea ni karani aliyeingiza 08:00 kwenye kompyuta. Tofauti ya saa 6, kwenye tanki linalokula gramu 7 za sukari kwa kila lita kwa saa, ni gramu 42 kwa lita. Hakuna hesabu inayoweza kuliziba shimo la ukubwa huo. Tangu siku hiyo fomu zangu zina visanduku vinne vya tarakimu na mfano uliochapwa juu yake: saa nane mchana = 14:00.

Umefaulu ukichukua matukio 3 ya jana, kwa mfano kufungwa kwa vali ya molasi, na kuyakuta kwenye kumbukumbu zote yakiwa yametofautiana kwa dakika 1 au pungufu.

## Hatua ya 2: Simamisha hamira ndani ya chupa

Muda wa sampuli una maana pale tu sampuli inapobaki kama ilivyokuwa ilipochotwa. Ukiiacha chupa juu ya meza kwenye joto la chumba, hamira haijui kwamba imetolewa tankini. Inaendelea kula. Chupa ikingoja saa nzima kabla ya kupimwa, unaweza kupoteza gramu kadhaa kwa lita, na kwenye jedwali itaonekana kama maabara inasoma chini kila siku.

Mwaga kwanza lita moja au mbili ili bomba lijisafishe. Kilicholala kwenye bomba ni molasi ya sampuli iliyopita. Jaza chupa, funga, izamishe kwenye ndoo ya barafu hapo hapo, kisha andika muda. Usiuandike ukifika maabara. Kama maabara ina mashine ya kuzungushia au karatasi ya kuchujia, itenganishe hamira mara sampuli inapofika, kabla haijaingia kwenye foleni.

Jaribio fupi litakuonyesha ukubwa wa tatizo lako. Chota chupa mbili kwa wakati mmoja. Moja iweke kwenye barafu, nyingine iache mezani kwa saa 2. Zipime pamoja. Wakuu wa maabara wasiokubali maneno huikubali tofauti hiyo.

## Hatua ya 3: Geuza hewa ukaa kuwa sukari iliyoliwa

Hamira ikila sukari hutoa ethanoli na hewa ukaa. Kikemia, kilo 1 ya glukosi ikichachuka yote hutoa kilo 0.489 za hewa ukaa. Tankini hupati zote, kwa kuwa sehemu ya sukari hujenga miili ya hamira na nyingine huwa gliseroli. Anza na 0.46. Usihangaike kutafuta namba kamili. Makadirio yenyewe yataisahihisha, na utaona vipi.

Kwa tanki la mita za ujazo 50:

0.46 × 50 = 23

Kila kilo 23 za hewa ukaa zikipita kwenye mita, sukari imeshuka gramu 1 kwa lita. Mita ikisoma kilo 161 kwa saa, sukari inashuka gramu 7 kwa lita kwa saa.

Kwenye jedwali tumia kihesabu cha jumla, usitumie kasi ya papo hapo. Kila dakika 5 hesabu a, yaani gramu za sukari kwa lita zilizoliwa kwa mujibu wa mita:

a = (jumla ya sasa − jumla iliyopita) ÷ 23

Sababu ni kwamba mawasiliano yakikatika kwa dakika 20, kasi ya papo hapo imepotea moja kwa moja, ila jumla bado inajua kilo ngapi zilipita. Kama mita yenyewe ilizimika na haikuhesabu, usiandike sifuri. Sifuri ni madai kwamba hamira ilisimama. Rudia kasi ya mwisho na uongeze shaka, kama utakavyoona kwenye hatua ya 5.

Jambo dogo la mwanzo wa bechi: hewa ukaa ya kwanza haipandi bombani, inayeyuka kwanza kwenye molasi. Kwa joto la karibu nyuzi 30, tanki letu humeza takriban kilo 60 kabla halijashiba. Hiyo ni sukari ya gramu 2 na nusu hivi kwa lita ambayo mita haikuiona. Kumbuka hili unapoweka shaka ya kuanzia.

## Hatua ya 4: Weka namba za kuanzia

Tunakadiria vitu viwili kwa pamoja:

- S, sukari iliyobaki, gramu kwa lita.
- c, kirekebishi cha mita. Kikiwa 1, mita na ile 0.46 ziko sawa. Kikiwa 1.05, sukari inaliwa kwa asilimia 5 zaidi ya mita inavyodai.

Watu wengi hukadiria S peke yake. Matokeo yake kila jibu la maabara linarekebisha namba ya leo, halafu mita inaipotosha tena kwa kiasi kile kile mpaka jibu lijalo. Ukikadiria c pia, jibu la asubuhi linaifundisha mita kusoma vizuri mchana.

Kila kadirio linatembea na shaka yake. Shaka tunaihifadhi ikiwa imezidishwa yenyewe kwa yenyewe:

- P_SS, shaka ya S. Tukiamini mwanzo kwa gramu 5 juu au chini, ni 5 × 5 = 25. Nisingeiweka chini ya hapo, kwa sababu ya zile gramu zinazoyeyuka.
- P_cc, shaka ya c. Kwa 0.10 juu au chini, ni 0.01.
- P_Sc, kiungo kati ya viwili hivyo. Mwanzo ni 0.
- R, shaka ya maabara. Kwa gramu 3 juu au chini, ni 9.

Hiyo R usiikisie. Chota sampuli moja kubwa, igawe chupa 5 zisizo na majina tofauti, zipeleke maabara kama sampuli za kawaida. Mtawanyiko wa majibu matano ndio shaka halisi ya kipimo. Rudia kwa kuchota juu na chini ya tanki. Tanki lisilokoroga vizuri litakupa mtawanyiko mkubwa zaidi, na huo ndio wa kutumia.

Angalizo kwa wanaopima kwa kutitresha (kudondoshea kemikali) sukari zote zinazorejesha (reducing sugars): molasi ina vitu vinavyosomeka kama sukari lakini hamira haiwezi kuvila. S yako haitafika sifuri. Tazama bechi zilizopita ziliishia wapi, na hiyo ndiyo sakafu yako.

## Hatua ya 5: Tembeza makadirio kila dakika 5

Kila mstari wa jedwali ni dakika 5. Kwenye kila mstari, kutoka mstari wa juu yake:

S mpya = S − c × a

P_SS mpya = P_SS − 2 × a × P_Sc + a × a × P_cc + q_S

P_Sc mpya = P_Sc − a × P_cc

P_cc mpya = P_cc + q_c

q_S na q_c ni shaka inayoongezeka kwa kupita muda tu. Mimi huanza na q_S ya 0.04 kwa saa na q_c ya 0.00004 kwa saa. Gawanya kila moja kwa 12 kupata ya dakika 5. Mita ikizimika, zidisha q_S kwa 50 au hata 100 kwa mistari hiyo, mpaka irudi. Usiziweke sifuri. Ukifanya hivyo, baada ya siku moja kichujio (yaani hesabu hizi zote kwa pamoja) kitajiamini kupita kiasi na kukataa kusikiliza maabara.

Kiungo P_Sc kinawachanganya wengi, kwa hiyo tukitazame kwa karibu. Bechi imeanza 06:00 na S ya 160. Kufikia 10:00, mita imehesabu a ya jumla 28. Basi:

S = 160 − 28 = 132

P_SS = 25 + 28 × 28 × 0.01 + 0.16 = 33

P_Sc = −28 × 0.01 = −0.28

(Nimeiacha q_c, ni ndogo mno kwa saa 4.) Kiungo ni hasi kwa sababu c halisi ikiwa juu kuliko tunavyodhani, basi S halisi iko chini kuliko tunavyodhani. Namba hiyo hasi ndiyo itakayoliwezesha jibu la sukari kusahihisha mita ya hewa.

Umefaulu kama, bila jibu lolote la maabara, S inashuka taratibu na P_SS inapanda taratibu. P_SS ikishuka bila kipimo kipya, umekosea alama ya kutoa au kujumlisha mahali.

## Hatua ya 6: Jibu likifika, rudi kwenye mstari wake

Hapa ndipo majedwali mengi yanapoharibika. Jibu la maabara linaeleza tanki lilivyokuwa sampuli ilipochotwa. Kuhusu tanki la sasa hivi halina la kusema moja kwa moja. Kwa hiyo rudi kwenye mstari wa kuchotwa, sahihisha pale, kisha tembea tena mbele kwa a zile zile zilizohifadhiwa.

Kwenye lahajedwali kazi ni nyepesi ajabu: andika jibu kwenye mstari wa 10:00, na mistari yote iliyo chini yake itajihesabu upya yenyewe. Bechi ya saa 36 ina mistari 432 tu. Wanaotumia Python nao nawashauri wasitafute njia za mkato. Wapange vipimo vyote kwa muda wa kuchotwa na waiendeshe bechi yote upya tangu mwanzo. Kompyuta ya ofisini inamaliza kabla hujainua kikombe.

Kwenye mstari wenye jibu z, baada ya kutembeza (K_S na K_c ni uzito unaopewa pengo katika kusahihisha S na c):

pengo = z − S

K_S = P_SS ÷ (P_SS + R)

K_c = P_Sc ÷ (P_SS + R)

S = S + K_S × pengo

c = c + K_c × pengo

Kisha shaka, kwa kutumia namba za kabla ya kusahihisha:

P_cc = P_cc − K_c × P_Sc

P_SS = (1 − K_S) × P_SS

P_Sc = (1 − K_S) × P_Sc

Kwenye mistari isiyo na jibu, K zote mbili ni 0. Fomula iulize kwanza kama kisanduku ni kitupu.

Sasa mfano wetu. Jibu la sampuli ya 10:00 limefika 12:30, linasema 126.

pengo = 126 − 132 = −6

K_S = 33 ÷ 42 = 0.786, na K_c = −0.28 ÷ 42 = −0.0067

S ya 10:00 = 127.3, na c = 1.04

Kati ya 10:00 na 12:30 mita imehesabu a ya 20. Tembea nayo: 127.3 − 1.04 × 20 = 106.5. Kabla jibu halijafika, jedwali lilikuwa linaonyesha 112. Shaka nayo imeshuka kutoka karibu gramu 7 hadi karibu gramu 3.6.

Ungeliweka jibu hilo hilo kwenye mstari wa 12:30, pengo lingekuwa 126 − 112 = +14. S ingeruka juu hadi karibu 124, na c ingeshuka hadi 0.88. Angalia mwelekeo wake. Maabara imesema sukari inakwisha haraka kuliko tulivyodhani, jedwali likaelewa kwamba inakwisha polepole. Umepotoka gramu 17 kwa lita, halafu mita iliyofundishwa vibaya itaendelea kukupotosha mpaka sampuli ijayo.

Sampuli ya 14:00 ikija na 92 dhidi ya makadirio ya 94, pengo ni −2 tu na c inasogea hadi 1.06. Mapengo yanapungua. Ndivyo inavyotakiwa.

Makosa mawili mengine ya hatua hii:

Kurudia jibu la mwisho kila mstari mpaka jipya lije. Kichujio kitaona majibu 48 yanayokubaliana katika saa 4, na kitaamini kwamba maabara 48 zimesema sukari haishuki. Jibu moja linaandikwa mara moja.

Kuchora mstari ulionyooka kati ya majibu mawili na kuchukua namba za katikati. Namba hizo zimetengenezwa na jibu ambalo saa hiyo halikuwepo. Kwenye karatasi ya ripoti zinapendeza, lakini kwenye zamu hutakuwa nazo.

## Hatua ya 7: Ongeza haidromita kwa tahadhari

Haidromita inasoma uzito wa kimiminika, na uzito huo unabebwa na sukari, chumvi na majivu ya molasi, ethanoli inayoupunguza, na mapovu yanayokiinua kifaa. Kwa hiyo Brix (usomaji wa haidromita unaohesabiwa kama asilimia ya sukari) ya tanki linalochachuka si sukari.

Mimina sampuli kati ya gilasi mbili mara kadhaa mpaka povu litulie, soma joto, sahihisha hadi nyuzi 20 kama kifaa chako kimewekwa alama kwa joto hilo. Kisha tumia bechi za zamani: chukua jozi za usomaji wa haidromita na jibu la maabara la sampuli ile ile, chora mstari, na upime jinsi nukta zinavyotawanyika kuuzunguka. Mtawanyiko wa gramu 7 unakupa R ya 49.

Haidromita unaiingiza kwa fomula za hatua ya 6, ila kwa R yake. Baada ya sahihisho la 10:00, usomaji wa 11:00 utapata K_S ya karibu 0.15. Maana yake ni kwamba pengo likiwa gramu 10, makadirio yanasogea gramu 1 na nusu tu. Hiyo ni haki yake.

Tatizo ni kwamba kosa la haidromita halibadiliki saa hadi saa. Molasi ya shehena hii ikiwa na majivu mengi, usomaji wote wa bechi hii utaegemea upande mmoja. Fomula zinadhani kila kosa ni jipya, basi usomaji 10 wenye kosa moja utaivuta S taratibu hadi pabaya. Kwa sababu hiyo mimi huzidisha R ya haidromita kwa 3. Kama maabara inaleta majibu bila kukosa, napendelea kuiacha haidromita iwe shahidi wa pembeni tu.

Mstari ukiwa na vyote viwili, sahihisha kwa kimoja, kisha kwa kingine.

## Hatua ya 8: Weka mlinzi mlangoni

Kabla ya kulikubali jibu, linganisha pengo na kipeuo cha pili cha (P_SS + R). Kwenye mfano wetu ni kipeuo cha pili cha 42, yaani 6.5. Pengo likizidi mara 3 ya hapo, usilitumie. Piga simu maabara, waulize kama sampuli ni ya tanki hilo kweli, na kama imebaki ipimwe tena.

Mlinzi huyu hatakuokoa na kosa la muda. Lile pengo la +14 la mstari mbaya lilikuwa chini ya kikomo chake cha karibu 23, na lingepita bila kuulizwa. Muda sahihi unaulinda kwa fomu na nidhamu ya zamu.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa bechi zilizokwisha

Usiwape wenzako wa zamu jedwali ambalo halijajaribiwa. Chukua bechi ya zamani na uiendeshe kana kwamba ni leo: kila jibu liingie tu saa lilipofika, ingawa linaandikwa kwenye mstari wa kuchotwa. Kila jibu linapokuja, andika pengo lake. Hiyo ndiyo kazi ya ile mihuri miwili. Ukiyaingiza majibu yote mara moja, jedwali litaonekana hodari kwa kuwa umeliibia mtihani.

Baada ya mapengo 20 hivi, yagawe kila moja kwa kipeuo chake cha pili cha (P_SS + R) na usome:

- Yapatayo 13 au 14 yako kati ya −1 na +1, na moja hivi tu linazidi 2: namba zako ziko sawa.
- Mengi yanazidi 2: unajiamini mno. Ongeza q_S, au R kama majaribio ya chupa tano yanaunga mkono.
- Karibu yote ni madogo kuliko 0.5: R yako ni kubwa mno, na unaipuuza maabara inayofanya kazi nzuri.
- Yote yana alama moja, hasi tupu au chanya tupu: c imeganda. Ongeza q_c. Kama bado, rudi kwenye hatua ya 1 na ya 2, kwa sababu saa iliyopotoka na chupa isiyo na barafu huacha alama kama hiyo.

## Hatua ya 10: Isome c kama unavyosoma joto

Hii ndiyo faida ambayo wengi hawaitarajii. S inakuambia lini upeleke tanki kukenekwa. c inakuambia tanki na mita vina afya gani.

c ikipanda kutoka 1.04 hadi 1.3 ndani ya bechi moja, sukari inakwenda mahali bila hewa ukaa kupita kwenye mita. Kwanza paka povu la sabuni kuzunguka mpira wa mlango wa tanki. Mapovu yakivimba, hewa inavujia hapo. Kama mlango ni mzima, angalia pH, kipimo ambacho hushuka asidi ikiongezeka. Bakteria wa asidi laktiki wanaweza kula sukari bila kutoa hewa ukaa kabisa, kwa hiyo c inayopanda pamoja na pH inayoshuka ni dalili ya tanki lililoingiliwa, na dalili hiyo unaipata saa kadhaa kabla harufu haijabadilika.

c ikikaa chini ya 0.9, tazama kama tanki jirani linapumulia kwenye bomba lile lile na mita inahesabu hewa ya wote wawili.

Kwa mkuu wa zamu andika namba moja na shaka yake, kwa mfano "106, juu au chini 7", ukitumia mara mbili ya kipeuo cha pili cha P_SS. Mtu anayeamua kufungua vali anahitaji kujua namba hiyo inaweza kukosea kiasi gani. Tanki halitakiwi kufunguliwa mpaka hata ukingo wa juu wa shaka uwe umefika kwenye sakafu yako.

Bechi ikiisha, c yake usiitupe. Bechi inayofuata kwenye tanki hilo ianze na c hiyo na P_cc ya 0.0025, yaani shaka ya 0.05 badala ya 0.10. Lakini mita ikifunguliwa kusafishwa, au shehena ya molasi ikibadilika, rudi kwenye c ya 1 na P_cc ya 0.01, na mpe mchota sampuli wa zamu hiyo kazi ya kuchota kila baada ya saa 2 mpaka majibu matatu ya kwanza yafike.